Filme ya upepo iliyomsahau kijana

Hapa Banalia kutazama filme ni kazi ya hesabu. Jenereta moja, litre tatu za esanse, filme ya karibu saa mbili: mwenye nyumba ya video anahesabu kwanza, kisha ndipo anawasha. Jumamosi ile watu walijaa mpaka inje. Vijana wa sekondari walikuwa wengi, mama wawili watatu na watoto mgongoni, na sisi watu wazima tukapewa viti vya mbele kwa heshima. Mimi njo niliomba filme hiyo ionyeshwe. Niliileta toka Kisangani kwa moto, barabara ya Buta, karibu kilometa 130 za mashimo, USB ndani ya mfuko wa shati. Kwa hiyo ninapoandika leo kwamba filme hii ilituangusha, kosa la kwanza ni langu mimi niliyeisifu kabla ya kuitazama.

Filme yenyewe inaitwa The Boy Who Harnessed the Wind, na kwa Kifaransa Le Garçon qui dompta le vent. Aliyeitengeneza ni Chiwetel Ejiofor, mchezaji wa sinema wa Uingereza, mzaliwa wa London, wazazi wake Wanaijeria. Wengi tunamjua toka 12 Years a Slave ya mwaka wa 2013, pale alipocheza mtu huru aliyeuzwa utumwani, na alicheza vizuri mno. Hii ilikuwa filme yake ndefu ya kwanza kuongoza yeye mwenyewe. Ilionyeshwa Sundance, Marekani, Januari 2019, ikapata zawadi ya Alfred P. Sloan, ile ya filme zinazogusa sayansi, kisha mwezi wa tatu Netflix ikaitoa dunia nzima.

Habari inayosimuliwa ni ya kweli. William Kamkwamba alizaliwa mwaka wa 1987 Malawi, akakulia kijiji cha karibu na Wimbe, upande wa Kasungu, nyumba ya walimaji wa mahindi. Mwisho wa 2001 mavuno yalikuwa yameharibika, na njaa ya 2002 ikaua watu. Wazazi wakashindwa kulipa sekondari, dola 80 hivi kwa mwaka, mtoto akafukuzwa masomo. Alikuwa na miaka 14. Akaingia maktaba ndogo ya shule ya msingi, akakuta kitabu cha Kiingereza, Using Energy, na ndani yake picha ya vinu vya upepo. Akajenga cha kwake. Habari yake yote aliiandika pamoja na Bryan Mealer katika kitabu kilichotoka 2009. Mealer huyo ni mwandishi wa habari aliyetembea Kongo yetu wakati wa vita na kuandika kitabu juu yake mwaka wa 2008.

Sasa mniambie ninyi wasomaji. Kijana wa miaka 14, amefukuzwa juu ya minervali, anakaa mahali ambapo jua likizama ni giza mpaka asubuhi. Huyo siyo mtoto wa Banalia? Badala ya Aruwimi yeye ana upepo, tofauti ni hiyo tu. Njo maana niliibeba ile USB kama mtu anayebeba dawa.

Mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme. Wachezaji wanasema Kichewa na Kiingereza, maandishi ya Kifaransa yanapita chini, na filme imegawanywa sehemu tano, kila moja na neno lake la Kichewa: kupanda, kukua, kuvuna, njaa, upepo. Kukua ni Kukula, tukaitambua mara moja. Ilipotokea Njala, mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti: « Njala! Si njo njaa? Si njo nzala ya Lingala? » Watu wakacheka, wakajisikia nyumbani. Na Mphepo ni upepo, mopepe. Nadhani huko London hakuna aliyefikiri kwamba kuna watu katikati ya msitu wa Tshopo watakaosoma vichwa hivyo bila kuhitaji tafsiri.

Lakini tazama mpango wenyewe wa sehemu hizo. Upepo ni wa mwisho. Kijana aliyefuga upepo anatakiwa kungoja mpaka sehemu ya tano ili filme yake ianze. Kabla ya hapo tunaona mambo mengi, na mengi ni ya kweli na ya uchungu. Miti inakatwa na kuuzwa, maji yanaingia mashambani. Chifu anasimama mbele ya rais kwenye mkutano na kusema kwamba watu wana njaa, anapigwa. Wezi wanakuja kuchukua mahindi ya nyumba. Na katikati ya mambo hayo yote anasimama baba, Trywell, na baba huyo anachezwa na nani? Na Ejiofor mwenyewe.

Hapo njo mambo yanaharibika. Simsemi vibaya kama mchezaji. Uso wake unabeba njaa bila kusema neno. Alijifunza Kichewa kwa ajili ya kazi hii, na anakaa shambani kama mtu aliyezaliwa na jembe mkononi. Aïssa Maïga, anayecheza mama, ana nguvu kama yeye. Shida ni kwamba mwongozaji aliye pia mchezaji mkubwa amejipa mwenyewe nafasi ya baba, na kamera haikuweza tena kumwacha. Baba anafikiri, kamera inangoja. Baba analia, kamera inasogea. Kijana, aliyechezwa na Maxwell Simba wa Kenya katika filme yake ya kwanza, anabakia pembeni na macho makubwa, akimtazama baba. Kijana huyo anajua kucheza, unaona wazi, lakini hakupewa nafasi. Kila mara anapokaa kufikiri jambo lake, mlango unafunguliwa na mtu mzima anaingia na matatizo yake.

Ejiofor alipoteza baba yake akiwa mtoto wa miaka 11, katika ajali ya gari huko Naijeria. Ameshalisema hadharani. Labda ni hivyo: mtu aliyekosa baba mapema, akipata kamera, atatengeneza baba. Namuelewa. Mimi pia ningefanya vile. Lakini basi angeiita filme ya baba, atuachie tujue tunakwenda kuona nini.

Nilikuwa nimesoma kitabu kabla, na hapo njo hasira yangu inatoka. Kitabu kimejaa vyuma. Kurasa nyingi William anatembea kwenye uwanja wa mashine zilizokufa mbele ya shule ya sekondari aliyofukuzwa, anachimba, anachukua, anarudi nyumbani na takataka mabegani, na watu wanamcheka. Wanasema amepata wazimu, wengine wanasema anavuta bangi. Mama yake mwenyewe anaanza kuogopa. Anapata feni ya trakta. Anapata shoki ya gari aitumie kama ekseli. Anachukua mpira wa maji wa plastike, ule mgumu wa PVC, anaupasua, anaupasha moto mpaka unalegea, anaulaza kuwa bapa, zinatoka mbawa za kinu. Dinamo ya baiskeli inamkosesha usingizi, hana pesa ya kuinunua, na mwishoni ni rafiki yake Gilbert anayemlipia. Mnara ni wa miti aliyokata yeye na wenzake wawili. Na siku taa moja ndogo inapowaka pale juu, mbele ya wale wote waliomcheka, msomaji amekwishachoka pamoja naye, mikono inamuuma pamoja naye.

Na haikuishia pale. Alifanya swichi kwa raba ya kandambili na spoksi za baiskeli. Nyaya zikagusana, nyumba ikataka kuwaka, akatengeneza kifaa cha kukata umeme kwa misumari, sumaku na waya wa shaba. Mtoto aliyefukuzwa masomo! Mimi nimefundisha fizike miaka mingi na sijawahi kumpata mwanafunzi aliyeniambia namna ya kutengeneza disjoncteur kwa misumari.

Filme inafanya nini na hayo yote? Inayapitisha mbio. Kuna jaribio dogo la kuwasha redio, zuri kabisa, watu wetu walipiga makofi. Kisha baba anakasirika, analivunja. Kisha huzuni ndefu. Kisha, dakika za mwisho, mnara unasimama, karibu kama uyoga baada ya mvua, maji yanaruka toka kisimani, shamba linakuwa la kijani, na njaa imeshindwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ni jambo kubwa. Kinu cha kwanza cha William hakikupandisha maji. Kiliwasha taa, kisha taa nne na redio mbili, na watu wakaja kupanga mstari kuchaji telefone. Pampu ilikuja miaka ya baadaye. Njaa ya 2002 haikumalizwa na kinu. Ilimalizwa na mahindi mapya yaliyokomaa, na wale waliokuwa wamekufa walikuwa wamekufa. Mwongozaji aliona taa ni kidogo. Akaona watu wa Netflix hawatalia juu ya balbu. Akaibadilisha kuwa mkombozi wa kijiji chote.

Lakini mtu anayeishi bila umeme hawezi kuona taa ni kidogo! Muulize mama anayezalisha usiku kwa tochi ya telefone. Muulize mtoto wa terminale anayesoma kwa kandili na moshi puani. Hata Kisangani, penye turbini za Tshopo walizotuachia Wabelgiji, watu wanajua kukaa giza mtaa mzima siku nyingi, na umeme ukirudi makelele ya watoto yanasikika kama bao la mpira. Taa moja iliyowashwa na mtoto wa miaka 14 ingetutosha. Ingetuliza zaidi. Ile maji ya mwisho, watu katika nyumba ya video waliitazama kimya, sawa vile wanavyotazama muujiza wa mhubiri kwenye televisheni. Vizuri, lakini siyo mambo yetu.

Jambo lingine ni mbwa. William alikuwa na mbwa, Khamba. Katika filme, njaa inamuua mbwa, kijana anamlilia, tunamhurumia. Kitabuni mambo ni mazito zaidi. Mbwa amebakia mifupa, chakula cha kumpa hakuna, na William pamoja na jamaa yake wanampeleka porini, wanamfunga kwenye mti, wanamwacha hapo afe. Yeye mwenyewe anaandika hivyo, bila kujitetea. Niliposoma ukurasa ule nilifunga kitabu. Ndani yake mna kijana anayeacha kuwa mtoto: hakuna mtu mzima aliyemwamuru, hakuna wa kumsamehe, na kesho yake lazima aamke aende shambani. Filme iliyosema itatuonyesha mtoto akigeuka mtu mzima imeona hilo, ikaruka. Juu ya nini? Nadhani juu ya kuogopa tusimchukie. Filme nyingi zinazotengenezwa juu ya watoto wa Afrika zina woga huo: mtoto lazima awe safi, mwenye akili, mwenye kuteseka, na asiwe na neno hata moja la kujuta. Mtoto wa namna hiyo hakui. Anangojea tu mwisho.

Hata maktaba imebadilishwa. Katika filme, William anajua siri ya mapenzi kati ya dada yake na mwalimu, na kwa siri hiyo anamlazimisha mwalimu amfungulie njia ya vitabu. Vijana walicheka sana hapo, ni kweli. Lakini maktaba ya kweli ilikuwa wazi kwa mtoto yeyote aliyetaka kuingia, vitabu vya msaada, na mama mwenye kuichunga. Mtoto aliyefukuzwa masomo aliingia bila kulipa, akaazima, akarudisha, akaazima tena, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo mpaka akasoma picha kwanza, maneno baadaye. Ninyi mliozoea kuona vitabu vya fizike vikikaa chini ya kitanda cha mwalimu mnielewe: mlango wazi ni habari kubwa kuliko siri ya mapenzi. Filme ingetuachia hata hilo tu, tungekuwa na kitu cha kwenda kumwambia prefe.

Na ile baiskeli, ile sisi tunaita kinga. Kitabuni ilikuwa mbovu tayari, ya kutu. Katika filme ni nzima, ni mali ya mwisho ya nyumba, na baba anakataa isikatwe. Ugomvi wa baba na mtoto juu ya kinga hiyo unachukua nafasi yote iliyobaki, mpaka mama anapoingia kati, mpaka baba anapokubali. Akishakubali, kila kitu kinawezekana. Maana yake kwangu iko wazi: katika kitabu kijana anakua kwa mikono yake, katika filme anakua kwa ruhusa ya baba.

Kuna kijana mmoja hapa, sitamtaja, ana miaka 15 au 16. Anatengeneza redio za watu sokoni kwa kisu na waya wa kuunguza. Alifukuzwa masomo muhula uliopita, na wakati ule shule ya msingi ya serikali inasemwa ni ya bure toka Septemba 2019, sekondari ni yule yule simba. Nilimkalisha karibu nami siku ile kwa makusudi. Wakati wa jaribio la redio alisimama kabisa, akawafunika wa nyuma, wakamtukana. Baba alipoikata kinga, alikaa chini. Filme ilipoisha nikamuuliza: umeonaje? Akanijibu polepole, kwa adabu: « Ni muzuri, mwalimu. Kumbe baba yake njo alikuwa na kinga. Mi sina baba. »

Sikuwa na jibu. Nilitafuta jibu njia yote ya kurudi nyumbani, na njo nikaelewa kwamba filme haikumdanganya juu ya Malawi tu. Ilimfungia mlango. Kitabu kingemwambia: tafuta feni ya trakta, chekwa, unguza vidole, rafiki atakulipia dinamo. Filme imemwambia: baba akikubali.

Wengine watasema mimi nadai sana. Watasema heri filme moja ya Mwafrika juu ya Mwafrika, iliyochezwa Malawi penyewe, kuliko zile za zamani. Nakubali nusu. Sisi wa Tshopo tunajua habari za zamani: mwaka wa 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kuchukua picha za The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, na mwaka wa 1958 Audrey Hepburn akavaa nguo ya masista Stanleyville kwa ajili ya The Nun's Story. Msitu wetu ulikuwa pazia la nyuma na watu wetu walibeba masanduku. Ejiofor hakufanya hivyo. Alikwenda Wimbe penyewe, akachukua lugha ya watu, akaweka uso wa njaa bila mzungu wa kuja kuokoa. Hilo ni kubwa na simnyimi. Lakini hatuwezi kubaki miaka mia tukilinganisha na Bogart. Kila kazi ipimwe na ile inayoweza kuishinda.

Na iko inayoishinda, tena imetoka kwetu. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, mwaka wa 2014 alitoa Examen d'État. Siyo filme ya kuchezwa. Ni ya watu wa kweli. Alikaa na finalistes wa Athénée Royal ya Kisangani kabla ya mtihani. Mwanzoni tu tunaona wanafunzi wanatolewa darasani juu ya prime ya walimu ambayo hawajalipa. Basi wanafanya nini? Wanajikusanya, wanakodi nyumba, wanalala chini, wanasoma usiku pamoja. Wanahangaika na pesa. Wanakwenda kuombewa. Wanatafuta pia majibu ya mtihani kwa njia ambazo sote tunazijua na hatuzisemi mbele ya wageni. Hamadi hawafichi na hawahukumu. Mtu mzima akitokea, kamera haimkimbilii. Inabakia na vijana, inaona wanavyodanganya, wanavyoogopa, wanavyochekeshana wakiwa na njaa. Ukitoka hapo umewaona watu wakikua, na baadhi ya mambo waliyofanya yanakuudhi, na unawapenda.

Hamadi alikuwa na pesa ndogo na kamera yake mwenyewe. Ejiofor alikuwa na jina lake, kitabu kizuri, wachezaji wakubwa na Netflix nyuma. Sisemi pesa inaharibu. Nasema yule wa kwanza alijua anamtazama nani, na yule wa pili, kila alipotaka kumtazama kijana, alikutana na uso wake mwenyewe kwenye kioo. Filme za Hamadi zimekwenda mbali; ile ya wahanga wa vita vya siku sita vya Kisangani, En route pour le milliard, ilichaguliwa na Cannes mwaka wa 2020. Na bado Examen d'État, filme ya wanafunzi wa Kisangani, mimi sijaiona ikionyeshwa hata siku moja Banalia. Mwenye nayo Kisangani anipigie simu. Moto ninao, na mfuko wa shati ule ule.

Wazazi wanaouliza kama watoto wao waitazame filme ya Ejiofor, ninawajibu ndiyo, waitazame, saa ya kwanza ina mengi ya kuzungumza nyumbani, na mama atalia mahali ambapo lazima alie. Ila mwenye uwezo atafute kitabu pia. Kiko kwa Kifaransa. Kisomwe kwa sauti, sura moja kila jioni, na wasiruke zile kurasa za vyuma wakidhani zinachosha. Vijana hazitawachosha. Tena waambiwe mwisho wa kweli, ule ambao filme inaupitia haraka: kwamba William alikaa nje ya masomo miaka mitano, kwamba magazeti yalimgundua mwisho wa 2006, kwamba mwaka wa 2007 alipanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda Arusha, Tanzania, kuwaeleza watu wakubwa kazi yake kwa Kiingereza cha kukatakata, na kwamba alimaliza chuo kikuu cha Dartmouth, Marekani, mwaka wa 2014. Miaka mitano inje ya masomo! Katika filme unaweza kudhani ni wiki tatu.

Jumatatu asubuhi yule kijana wa redio alikuja nyumbani kabla sijanywa chai. Alikuwa na kipande cha mpira wa PVC, urefu kama mkono, sijui alikitoa wapi na sikuuliza. Akataka kujua ule wa Malawi aliulaza namna gani mpaka ukawa bapa, maana katika filme hawakuonyesha vizuri. Nikatoa kitabu, nikamtafsiria ule ukurasa. Tukawasha makala kwenye mbabula ya mke wangu, ambaye hakufurahi. Kipande cha kwanza kilishika moto, kikanuka nyumba nzima. Tukakikata kilichobaki, cha pili kikalegea, tukakikandamiza kati ya mbao mbili na kukaa juu yake, mimi na yeye. Kilitoka kimepinda upande mmoja. Akakigeuza mkononi muda mrefu, akakipepea hewani, akasema kwenye Aruwimi hakuna upepo mwingi, mwalimu, ila maji yapo.